Parachuti ya jeshi kwenye ndege ya kiraia: cheti kinathibitisha nini hasa?

"Mtaalamu, kikundi chetu huruka kwa miamvuli ya duara nchini Marekani kuwakumbuka askari wa miamvuli wa zamani. Tumeahidiwa parachuti za T-10 zilizotoka jeshi la Marekani, pamoja na mikanda yake na parachuti zake za akiba za kifuani, na nyingine chache za jeshi la nchi moja ya Ulaya. Kwa macho zote ni nzima. Rubani wa ndege ya kiraia tunayoikodi anasema haturuki mpaka aone TSO, yaani idhini ya kiraia ya parachuti. Wenzangu wanaona huo ni urasimu: parachuti iliyombeba askari na mzigo wake wote itashindwaje kumbeba mtu aliyevaa ovaroli tu? Fundi wetu, ambaye alikunja parachuti jeshini, anaweza kuzikagua na kuzipa TSO? Na akiba za kifuani zikikataliwa, tunaweza kuchukua miamvuli yake tuitie kwenye mikoba ya kiraia?"

Ndugu msomaji, nianze na majibu mnayoyasubiri, sababu zitafuata. Fundi wenu hawezi kuipa parachuti yoyote TSO, awe hodari kiasi gani. T-10 zilizotoka jeshi la Marekani hazihitaji TSO ili zikubalike kisheria, kwa sababu sheria inazitambua kwa njia nyingine. Rubani wenu ana haki kamili ya kudai uthibitisho, ila ametaja karatasi moja wakati sheria inakubali zaidi ya moja. Zile za Ulaya hazina njia hiyo. Na kuhamisha mwavuli wa akiba ya kifuani kwenda kwenye mkoba wa kiraia ndilo jambo katika barua yako lililonitia hofu.

Kwanza naomba msimwone rubani huyo kuwa mkaidi. Sehemu ya 105 ya kanuni za anga za Marekani, inayosimamia miruko, inamgusa yeye mwenyewe. Kifungu cha 105.43 kinamkataza rubani kumruhusu mtu yeyote aruke kutoka kwenye ndege yake ikiwa mikanda ya mwili pamoja na mkoba wake, na parachuti ya akiba, si vya aina iliyoidhinishwa, au havikukunjwa inavyotakiwa. Mkikiuka, mmekiuka ninyi na amekiuka yeye. Leseni anayoiweka rehani ni ya kazi yake.

Angalia pia kifungu hicho kinadai nini. Kinadai mikanda, mkoba na akiba viwe vimeidhinishwa. Parachuti kuu hakikuidai. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini sababu yake ni nzuri. Parachuti kuu ikigoma, una akiba. Akiba ikigoma, au mkanda wa begani ukiachia, huna kitu kingine chini yako. Sheria imeweka uzito wake pale ambapo hakuna nafasi ya pili. Kwa hiyo mwavuli mkubwa wa T-10, wenye kipenyo cha futi 35, ambao nadhani ndio mnaoupenda na ndio watazamaji wanakuja kuuona, si kiini cha tatizo lenu. Kiini ni vile vitu viwili ambavyo hakuna anayevipiga picha.

Sasa kwa nini kuna dunia mbili, ya jeshi na ya kiraia, na kwa nini cheti cha huku hakivuki kwenda kule? Mzizi wake ni wa zamani. Mkataba wa Chicago wa 1944, ulioweka misingi ya usafiri wa anga wa kimataifa, unasema katika kifungu cha 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi ni ndege za dola, na kila dola hujisimamia yenyewe. Tangu hapo majeshi yamekuwa na utaratibu wao wa kupima, kukubali na kukataa vifaa vya anga, na mamlaka za kiraia zina wao. Parachuti ya jeshi haikukwepa mtihani. Ilifanya mtihani mwingine, mbele ya msimamizi mwingine, kwa maswali mengine.

Na maswali ndiyo yanayotofautiana hasa. Jeshi linauliza: tunawezaje kuwatoa askari wengi kutoka kwenye ndege inayokwenda kama noti 130, yaani kilomita 240 hivi kwa saa, kutoka kimo cha chini, kila mmoja na silaha na mzigo wake, wakafika ardhini kwa dakika chache wakiwa bado wanaweza kutembea? T-10, iliyoingia kazini miaka ya 1950, ilikuwa jibu la swali hilo kwa zaidi ya nusu karne. T-11 iliyoirithi ilipandisha uzito unaoruhusiwa kutoka pauni 360, yaani kilo 163 hivi, hadi pauni 400, na ikapunguza kasi ya kushuka hadi takriban futi 19 kwa sekunde, kwa sababu askari na mizigo yao walizidi kuwa wazito na miguu ilikuwa inavunjika. Hayo ni maswali halali na yamejibiwa vizuri. Lakini jeshi linapoikubali parachuti, linakubali pia hatari iliyobaki kwa niaba ya askari wake. Kamanda ana mamlaka ya kufanya hivyo. Mwenyekiti wa klabu hana.

Kwa raia hakuna wa kumkubalia hatari. Anayeruka hawezi kufumua mkoba akapima kila mshono. Ndipo inapokuja TSO, amri ya viwango vya kiufundi inayotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Ya parachuti za kubeba watu ni TSO-C23, na herufi ya mwisho kwenye lebo inakuambia ni toleo gani. Toleo b lilifuata kiwango cha NAS 804. Toleo c la 1984 na d la 1994 yalifuata AS8015. Toleo f la 2012 linafuata TS-135, kiwango kilichoandikwa na PIA, chama cha sekta ya parachuti. Mkiona lebo yenye b msiitupe mkidhani imepitwa na wakati, kwani toleo jipya halifuti uhalali wa kifaa kilichoidhinishwa chini ya lile la zamani.

Wenzako wanaposema parachuti ya jeshi ni imara, mimi siwapingi. Nawapinga pale wanapodhani cheti kinapima uimara peke yake. Chukua parachuti ya akiba chini ya viwango vya karibuni. Huangushwa ikiwa na uzito uliozidishwa kwa 1.2 juu ya kikomo kitakachoandikwa kwenye lebo, na kwa kasi iliyozidishwa kwa 1.2 pia. Inaonekana nyongeza ndogo. Lakini nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo 1.2 mara 1.2 mara 1.2 inakupa karibu 1.73. Mwavuli umepokea karibu robo tatu zaidi ya nishati utakayoipokea ukiwa kwenye kikomo chake, na hautakiwi kuonyesha mpasuko wala mshono ulioachia kiasi cha kuhatarisha mtu. Huo ndio upande wa uimara, na pengine T-10 ingeupita.

Mtihani hauishii hapo. Kishikio cha kufungulia kisidai nguvu inayozidi pauni 22, kama kilo 10 hivi, ili mtu aliyechoka au aliyeumia mkono aweze kukivuta. Wala kisiwe chepesi chini ya pauni 5, kisije kikachomoka kwa kukwaruza mlango wa ndege. Waya wa kufungulia pamoja na maungio yake uhimili mvuto wa pauni 300 kwa sekunde 3. Kasi ya kushuka isizidi futi 24 kwa sekunde, yaani mita 7.3, na ukijumlisha na mwendo wa kwenda mbele isizidi futi 36. Parachuti hujaribiwa kamba zikiwa zimesokotwa kwa makusudi. Hujaribiwa ikifunguka mara tu baada ya parachuti kuu kuachiwa, wakati mtu bado hajashika kasi, maana mwavuli unaofunguka vizuri kwa kasi kubwa unaweza kuzubaa kwa kasi ndogo. Mwishoni hurukiwa na binadamu.

Kuna jambo la kitambaa ambalo halionekani kwa macho na ambalo ningependa kila mrukaji wa miamvuli ya duara alijue. Kitambaa cha nailoni cha miamvuli ya jeshi, kile kilichoitwa MIL-C-7020, hupitisha hewa kwa makusudi: aina ya kwanza hupitisha kati ya futi za ujazo 80 na 120 kwa dakika katika kila futi moja ya mraba, kwa shinikizo dogo lililowekwa na kiwango. Hewa hiyo inayovuja ndiyo inayolainisha mshtuko wa kufunguka na kuuzuia mwavuli wa duara usiyumbeyumbe. Ikivuja kidogo sana, mtu hupigwa kwa nguvu na kubembea hewani. Ikivuja sana, kwa sababu nyuzi zimelegea baada ya miaka ya jua, vumbi na kukunjwa, mwavuli huchelewa kujaa na hushuka kwa kasi zaidi. Kitambaa kizima na kilichochoka hufanana ukivitandaza juani. Kwa hiyo ninaposoma "kwa macho zote ni nzima", najua tu kwamba hazina matundu.

Isitoshe, nyenzo zenyewe si tofauti kama watu wanavyodhani. Utepe wa mikanda uliokuwa MIL-W-4088 leo huandikwa PIA-W-4088, na kitambaa kile leo ni PIA-C-7020, baada ya maandishi mengi ya aina hiyo kuhamia kwa PIA. Mtengenezaji wa kiraia na wa jeshi hununua nyuzi za ukoo mmoja. Kinachotofautisha parachuti mbili za nailoni ileile ni mnyororo wa watu na karatasi: nani aliichora, nani alithibitisha kwamba ya elfu moja imeshonwa sawasawa na ile iliyojaribiwa, nani anaikagua na kwa kitabu gani, na nani ataandika barua kwa wote wanaoimiliki siku kasoro itakapogunduliwa. Mtengenezaji mwenye TSO amefungwa na hayo yote. Jeshi nalo lina mnyororo wake, mkali vilevile. Parachuti ikitolewa ghalani na kuuzwa, inatoka kwenye mnyororo wa kwanza bila kuingia kwenye wa pili. Ubora wake haupotei siku hiyo. Kinachopotea ni mtu wa kuusemea.

Nitoe mfano, kwa sababu hoja hii hupuuzwa. Miaka ya 1980 iligundulika kwamba wavu uliotumika kwenye baadhi ya akiba za duara za kiraia, zenye vyeti halali, ulikuwa na asidi iliyokula kitambaa kilichogusana nao. Miamvuli ilionekana safi kabisa lakini kitambaa kilipovutwa kilichanika. Watengenezaji walitoa maagizo, mafundi wakawa wanagusisha tone la bromokresoli ya kijani, kemikali inayogeuka njano penye asidi, kisha wanapima nguvu ya kitambaa kwa mzani, na miamvuli iliyoharibika ikaondolewa. Cheti hakikuzuia asidi. Kilichookoa watu ni kwamba kila mwavuli ulikuwa na namba, mtengenezaji anayejulikana na fundi wa kupokea taarifa.

Sasa njia ya kisheria ya T-10 zenu. Kifungu cha 105.3 kinaeleza maana ya parachuti iliyoidhinishwa. Ni ile iliyotengenezwa chini ya cheti cha aina au TSO ya mfululizo wa C-23, au parachuti ya kubeba watu ya jeshi la Marekani inayotambulika kwa namba ya mchoro, namba ya oda, jina rasmi au namba ya kiwango cha kijeshi. Zimeondolewa za kimo cha juu, za kasi kubwa na za viti vya kurushia marubani. Kifungu hiki kina historia nyuma yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchezo wa kuruka ulikulia kwenye parachuti za ziada za jeshi. Vijana walikata matundu kwenye miamvuli ya C-9 ya futi 28 ili waweze kuielekeza, na ilikuwa hivyo mpaka miamvuli iliyobuniwa kwa ajili ya mchezo, kama Para-Commander ya 1964, ilipoanza kuenea. Sheria isingeweza kuzifungia nje parachuti ambazo karibu kila mtu alikuwa nazo.

Maana yake kwenu ni hii: mikanda ya T-10 na akiba yake ya kifuani, ikiwa lebo zinasomeka, hazijabadilishwa na zinalingana na mchoro wa jeshi, zinaweza kuhesabika kuwa zimeidhinishwa. Neno zito hapo ni "hazijabadilishwa". Mkanda ulioshonwa upya na mtu asiyejulikana, pete iliyobadilishwa, kishikio cha kutengenezwa gereji, vyote vinaitoa parachuti kwenye utambulisho unaoiokoa. Lebo iliyofutika nayo ni tatizo la kweli, kwani utambulisho ndio idhini yenyewe. Tafuteni pia kijitabu cha kumbukumbu cha kila parachuti, fomu DA 3912, ambacho jeshi huandikia ukaguzi na matengenezo. Parachuti isiyo na kijitabu mimi siipandishi ndegeni, hata kama sheria haijalitaja jambo hilo, kwa sababu jeshi huzipangia parachuti zake umri wa kazi, na bila kijitabu hujui kama yenu iliondolewa ghalani kwa sababu umri huo umekwisha.

Idhini hiyo haifuti masharti ya kukunja. Akiba ya nailoni lazima iwe imekunjwa na fundi mwenye cheti cha FAA ndani ya siku 180 kabla ya kuruka. Zamani zilikuwa 120, zikaongezwa mwishoni mwa 2008. Ikiwa kuna sehemu ya hariri au nyuzi nyingine za asili, ni siku 60. Parachuti kuu pia ina siku 180, ila inaweza kukunjwa na yule atakayeruka nayo. Tarehe ya kukunja iliyoandikwa na ghala la jeshi haiwasaidii kitu hapa.

Kuhusu fundi wenu, heshima yangu kwake. Aliyekunja parachuti jeshini mara nyingi ana nidhamu ambayo wengi hawana. Lakini cheti cha jeshi hakimfanyi kuwa fundi wa kiraia papo hapo. Kanuni za Sehemu ya 65 zimempa njia ya mkato: fundi wa jeshi, au aliyeiacha kazi hiyo ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba, anaweza kupata cheti cha fundi mwandamizi kwa kufaulu mtihani wa maandishi wa kanuni, bila kurudia safari yote. Kama bado hajafanya hivyo na muda huo haujapita, afanye; ukiwa umepita, afuate njia ya kawaida. Kama anacho tayari, angalieni kipengele kimoja ambacho husahaulika: vyeti hutaja aina za parachuti, yaani ya kukalia, ya mgongoni, ya kifuani na ya mapajani. Wengi leo wana ya mgongoni tu. Akiba zenu ni za kifuani. Fundi asiye na aina hiyo kwenye cheti chake haruhusiwi kuzikunja, na saini yake haitakuwa na thamani mbele ya rubani. Tena haruhusiwi kufanya kazi asiyoelewa maelekezo yake ya sasa, kwa hiyo awe na kitabu cha kiufundi cha jeshi cha modeli hiyohiyo, na si kumbukumbu za kichwani.

Kama mtaruka kwa kamba inayofungwa ndani ya ndege na kufungua parachuti yenyewe, kama walivyofanya mnaowakumbuka, someni pia 105.47. Kinadai kiunganishi cha kusaidia kati ya kamba hiyo na parachuti kuu, chenye nguvu iliyopimwa: kati ya pauni 28 na 160 kinapovuta mwavuli mdogo wa kutangulia, na kati ya 56 na 320 kinapovuta mwavuli mkuu moja kwa moja. Kisiwe dhaifu kikakatika kabla ya kuutoa mwavuli, wala kisiwe kigumu kikakataa kukatika mtu akaning'inia na ndege. Uzi wa kukatika wa T-10 ulipangwa kwa mantiki hiyohiyo, lakini mtu akiufunga mara mbili "kwa usalama zaidi" ameuharibu usalama wenyewe. Fundi autazame huo kwa macho yake kwenye kila parachuti.

Nifike sasa kwenye wazo la kuhamisha mwavuli. Ni kweli kwamba mafundi huunganisha sehemu zilizoidhinishwa za watengenezaji tofauti, na FAA inaruhusu, ikiwa fundi ameridhika kwamba zinapatana. Masharti yake ni mawili. Kikomo cha chini kabisa cha uzito na kasi miongoni mwa sehemu zote ndicho kinachotawala. Na mikanda lazima ihimili nguvu kubwa kuliko zote ambazo mwavuli ule unaweza kuizalisha. Chini ya NAS 804 kulikuwa na daraja la kawaida lililopimwa kwa mshtuko wa pauni 5,000 na la kasi ndogo lililopimwa kwa 3,000. Ukiuvika mwavuli wa 5,000 kwenye mikanda ya 3,000, umempa mtu mwavuli utakaobaki mzima huku mikanda ikiachia.

Lakini hofu yangu kubwa si hiyo hesabu. Ni jinsi akiba ile inavyotoka. Akiba za kifuani za zamani za jeshi zilibuniwa kwa mtu ambaye mwavuli wake mkuu umeharibika lakini bado uko juu yake, kwa kuwa askari wa T-10 hauachii mwavuli mkuu akiwa hewani. Huifungua akiba kifuani, na mafunzo ya zamani yalimtaka aushike mwavuli kwa mkono na kuurusha pembeni, mbali na ule ulioharibika. Mkoba wa kiraia wa mgongoni umebuniwa kwa jambo lililo kinyume: mtu anauachia mwavuli mkuu, anaanguka huru, na mwavuli mdogo wenye springi unaivuta akiba kutoka mgongoni katika hewa safi. Ukiuweka mwavuli wa kwanza kwenye mkoba wa pili, umeunda parachuti ya tatu ambayo hakuna jeshi lililoijaribu na hakuna kiwango cha kiraia kilichoipitia. Huenda ikafunguka. Mimi nisingeikunja, na fundi atakayekubali haraka kuwakunjia ningemtilia shaka.

Parachuti za Ulaya nitazipitia kwa kifupi. Kifungu cha 105.3 kinataja jeshi la Marekani tu. Kuna nafasi katika 105.49 kwa mrukaji wa kigeni anayeruka Marekani na vifaa vyake mwenyewe, ikiwa ni mfumo wa mikanda mmoja na parachuti mbili na unatimiza matakwa ya mamlaka ya anga ya nchi yake. Nafasi hiyo ni yake yeye mgeni. Hawezi kuwaazima ninyi. Kuziombea TSO ni kazi ya mtengenezaji: aombe idhini chini ya Sehemu ya 21 ya kanuni hizohizo za anga, awe na mfumo wa ubora, afanye majaribio yote, na abaki akiwajibika kwa kila moja atakayoitengeneza. Hakuna utaratibu wa kuzipitisha parachuti chache zilizokwishashonwa zamani na mtu mwingine. Zitumieni kwa maonyesho, kwa kufundishia kukunja, au kwa mazoezi ya kuning'inia ghalani.

Kama ningekuwa mimi, ningechukua T-10 zenye vijitabu kamili tu, hata kama ni nusu ya mnazoahidiwa, nizitumie zikiwa seti nzima kama zilivyobuniwa, mikanda ya jeshi na akiba ya jeshi, bila kuchanganya. Hilo ni halali na lina uaminifu kwa historia mnayoienzi. Ila niseme wazi kwamba halali hapo si sawa na bora. Akiba mpya yenye TSO, iliyotengenezwa na mtu ambaye bado yupo na anapokea simu, ni salama zaidi kuliko akiba ya jeshi ya umri usiojulikana. Wapo watengenezaji wanaounda mikanda na mikoba ya miamvuli ya duara iliyoidhinishwa kwa vikundi kama vyenu, ambako mwavuli wa T-10 hubaki kuwa parachuti kuu. Ni gharama. Kama mnao warukaji wachache, au wenye umri mkubwa, ningesukuma fedha zote huko kabla ya kununua sare na kofia. Na msiige vimo vya kijeshi. Viliwekwa ili askari asikae hewani akipigwa risasi. Ninyi hamna anayewapiga, kwa hiyo pandeni juu zaidi mpate muda wa kuitumia akiba.

Kuna mambo ambayo hayawezi kuamuliwa kwa barua. Mkiona doa la njano au kahawia kwenye kitambaa, harufu ya ukungu au ya betri, utepe uliokakamaa au uliofifia rangi upande mmoja, mshono wenye uzi wa rangi isiyolingana na mingine, kutu kwenye pete, au lebo iliyokatwa, acheni hapo hapo. Msiifue, msiijaribu kwa kuifunga kwenye gari. Ipelekeni kwa fundi mkuu wa parachuti, ngazi ya juu kuliko fundi mwandamizi, kwa kuwa ndiye mwenye ruhusa ya matengenezo makubwa na mabadiliko, na mwambieni apime nguvu ya kitambaa na asidi. Swali la kama seti fulani inaangukia ndani ya 105.3 lipelekeni ofisi ya FAA ya eneo mnalorukia, kwa maandishi, mkiambatisha picha za lebo za mwavuli, mikanda na mkoba, kila moja peke yake, maana mara nyingi lebo tatu za seti moja hazisemi kitu kimoja.

Kwa rubani, msiende na hoja ya uimara. Nendeni na nakala ya 105.3 na 105.43, picha za lebo, kijitabu cha kila parachuti, kadi ya kukunja ya akiba yenye tarehe na saini, na cheti cha fundi kinachoonyesha aina ya kifuani. Mpeni siku kadhaa azisome kabla ya siku ya kuruka, na si asubuhi ile ile injini ikiwa imewashwa. Akisoma yote na bado akakataa, tafuteni rubani mwingine kwa amani. Ndege iliyo mkononi mwake, uamuzi ni wake.